Usiombe Faili, Omba Karatasi: Maswali ya Waathiriwa wa Uhalifu Kuhusu Rekodi za Polisi Nchini Kenya

Nimekaa kwenye mabenchi ya vituo vya polisi na kina mama waliofiwa, na vijana waliovunjwa mikono, na wazee walioibiwa ng'ombe. Swali lao huwa moja: "Faili yangu imefika wapi?" Na jibu wanalopewa huwa moja pia: "Faili ni ya serikali, mama. Nenda nyumbani, tutakupigia."

Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Faili ya uchunguzi si mali ya mwathiriwa. Lakini ndani yake mna karatasi ambazo una haki ya kuzipata, kila moja kwa wakati wake na kwa mlango wake. Anayeomba faili nzima hurudi mikono mitupu. Anayetaja karatasi kwa jina, kwa maandishi, ni vigumu kumfukuza. Maswali haya nimeyakusanya kwa watu niliokaa nao, na majibu yanahusu Kenya isipokuwa pale nilipotaja kwingine.

Hiyo faili ina nini ndani?

Dondoo la kitabu cha matukio (OB), taarifa ya mlalamishi, taarifa za mashahidi, fomu ya P3 kama kuna majeraha, picha na michoro ya mahali pa tukio, ripoti za wataalamu kama vile za Maabara ya Serikali, orodha ya vielelezo, na kumbukumbu ambamo mpelelezi huandika hatua anazochukua. Kesi ikiiva huongezwa hati ya mashtaka na barua za Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP. Unapoomba, jiulize kwanza: katika haya yote, nahitaji lipi, na la kufanyia nini?

Nimeripoti lakini sikupewa nambari ya OB. Je, ni lazima wanipe?

Dai nambari kabla hujaondoka kaunta. Kila kinachokuja baadaye hutundikwa kwenye nambari hiyo: P3, barua, malalamishi, hata kesi ya fidia. Kwa kawaida huandikwa namba ya tukio ikifuatwa na tarehe, mfano 34/12/3/2024. Andika pia saa uliyoripoti, jina la afisa na nambari yake ya kazi.

Mwombe afisa akusomee alichoandika. Nimewahi kuandamana na kijana aliyekatwa panga, na tulipoomba kusomewa tukakuta limeandikwa "ugomvi wa kinyumbani". Tulisimama pale kwa upole hadi likaandikwa ingizo la pili lenye maelezo sahihi. Kama tusingeuliza, neno hilo la kwanza lingemfuata hadi mahakamani.

Kupiga OB picha kwa simu maafisa wengi hukataa, maana ukurasa huohuo una habari za watu wengine. Msigombane kwa hilo. Omba dondoo la ingizo lako lililothibitishwa kwa sahihi na muhuri.

Naweza kupata nakala ya taarifa niliyoandikisha mwenyewe?

Omba, na uombe siku ileile. Ni maneno yako, yana jina lako na sahihi yako. Mbali na haki ya habari, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kufikia data zinazomhusu yeye mwenyewe, ingawa ina mipaka yake.

Kabla hujatia sahihi, soma kila ukurasa. Kama hujui kusoma, au taarifa imeandikwa kwa Kiingereza nawe ulizungumza Kigiriama au Kiswahili, isomwe kwako kwa lugha unayoielewa. Ukigundua baadaye kwamba kuna kosa au umesahau jambo, ile ya kwanza haifutwi. Unaandikisha taarifa ya nyongeza. Usimruhusu mtu akuambie kwamba umechelewa kwa sababu ulishatia sahihi.

Fomu ya P3 ni yangu au ni ya polisi?

Hutolewa na polisi, hujazwa na daktari au afisa wa kliniki, kisha hurudi kwa polisi iwe ushahidi. Ni bure. Humo ndimo daktari anapopima uzito wa jeraha, na upimaji huo ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa mshukiwa atashtakiwa kwa kosa gani. Kwa hiyo pitia duka la fotokopi kabla hujairudisha kituoni, na utoe nakala mbili. Dakika tano hizo zimeokoa kesi nyingi kuliko wakili yeyote ninayemjua.

Kwa aliyebakwa au kunajisiwa kuna fomu nyingine hospitalini, ya PRC. Hujazwa kwa nakala tatu: moja ya polisi, moja ya kubaki hospitalini, na moja ya mwathiriwa. Hiyo ya tatu watu wengi hawajui kwamba ni yao, na wengi hutoka bila kuichukua. Iombe kwa jina: "Naomba nakala yangu ya PRC." Na nenda hospitalini kwanza hata kama hujafika polisi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Karatasi za polisi zinaweza kufuata.

Ni sheria gani hasa inayonipa haki hii?

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza njia ya kuipata haki hiyo, na muda. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema ukiathiriwa na uamuzi wa kiutawala una haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Lakini iliyo karibu zaidi nawe ni Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014, iliyozaliwa na Kifungu cha 50(9) cha Katiba. Sehemu yake ya 9 inasema mwathiriwa ana haki ya kuelezwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka na wa utetezi unakusudia kuutegemea, na kuufikia kwa kiasi kinachofaa. Pia ana haki ya kujulishwa mashtaka kwa kina cha kutosha, na kutoa maoni yake pale mshtakiwa anapotaka makubaliano ya kukiri kosa. Soma tena hapo kwenye ushahidi. Nimekutana na maafisa wazuri kabisa, wenye nia njema, ambao hawakuwahi kusikia kwamba mwathiriwa ana haki hiyo. Ichapishe uwe nayo mfukoni.

Mbona basi wananinyima taarifa za mashahidi wengine?

Hapa polisi mara nyingi wana haki, na ni vyema nikuambie waziwazi. Sheria ya habari inaruhusu kuzuia jambo ambalo likitolewa litavuruga mwenendo wa haki, litahatarisha usalama wa mtu, au litaingilia faragha ya mtu bila sababu. Uchunguzi unaoendelea huangukia hapo kwa urahisi.

Kuna na sababu inayokuhusu wewe. Ukiwa shahidi mkuu na ukasoma alichosema jirani yako kabla hujapanda kizimbani, wakili wa mshtakiwa atakuuliza: "Ulisoma taarifa ya shahidi wa pili?" Ukijibu ndiyo, kila utakachosema kitaonekana umekariri. Nimeona ushahidi wa kweli ukipoteza nguvu kwa njia hiyo, na aliyeumia ni mwenye haki. Majina ya watoa siri, data za simu za watu wengine, mipango ya kumkamata mshukiwa: hayo yaache yakae yalipo.

Wanachopaswa kukuambia hata uchunguzi ukiwa moto ni hali yake. Nani anauchunguza? Mshukiwa amekamatwa? Yuko ndani au ameachiliwa kwa dhamana? Faili imepelekwa kwa DPP, na lini? Majibu ya namna hiyo hayavurugi kesi ya mtu. Na la dhamana ni suala la uhai kwa mwanamke anayeishi nyumba ya pili kutoka kwa aliyemshambulia.

Niandikeje ombi?

Kwa Kiswahili ukipenda. Sheria inataja Kiingereza au Kiswahili, na asiyeweza kuandika lazima asaidiwe na afisa kuliweka ombi lake katika maandishi. Huhitaji wakili, na ombi lenyewe halina ada. Unaweza tu kutozwa gharama ya kunakili. Wala hulazimiki kueleza kwa nini unataka habari hizo. Mfano:

*Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, kupitia kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi cha ………*

*KUH: OMBI LA HABARI, OB NAMBARI ………*

*Mimi, ………, mwenye kitambulisho nambari ………, niliripoti kisa cha ……… tarehe ……… Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014, naomba: dondoo la OB lililothibitishwa, nakala ya taarifa yangu, jina la afisa anayechunguza na namna ya kumpata, na maelezo ya hali ya uchunguzi, pamoja na tarehe faili ilipopelekwa kwa DPP iwapo imepelekwa. Ikiwa sehemu yoyote ya ombi hili inakataliwa, naomba sababu kwa maandishi na nipewe sehemu iliyobaki.*

Peleka nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe, urudi nayo. Wakikataa kugonga, tuma kwa posta ya rejista au kwa barua pepe. Bila tarehe ya kupokelewa, siku hazihesabiki.

Watajibu baada ya muda gani?

Siku 21. Wanaweza kuongeza mara moja tu, kwa muda usiozidi siku 14, wakikueleza sababu. Kama habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Hiyo ya saa 48 iandike juu kabisa ya barua iwapo ndugu yenu amechukuliwa na watu wasiojulikana na mnataka kujua kama anashikiliwa na polisi. Na kumbukeni kwamba aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24.

Siku zimekwisha, kimya. Sasa?

Kisheria kimya hicho kinahesabiwa kuwa kukataliwa, nawe una siku 30 za kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman. Haitozi pesa. Inaweza kuita maafisa na nyaraka, na inaweza kuamuru habari zitolewe. Ambatanisha ile nakala yenye muhuri. Sheria pia imefanya kuwa kosa la jinai kuficha au kuharibu rekodi kwa nia ya kumnyima mtu habari.

Mara nyingi haifiki huko. Barua ya pili kwa mkuu wa kituo, yenye nakala kwa kamanda wa kaunti ndogo na kwa Tume, huamsha faili iliyolala.

Kesi imefika kortini. Mambo yanabadilika?

Sana. Mlango sasa ni kiongozi wa mashtaka. Mjue kwa jina, umwone kabla ya siku ya kusikilizwa, umwambie unataka kutumia haki yako chini ya sehemu ya 9. Mshtakiwa hupewa taarifa za mashahidi na vielelezo mapema, kwa sababu Kifungu cha 50(2)(j) kinamhakikishia hivyo. Kwa miaka mingi mwathiriwa ndiye aliyekuwa mtu pekee chumbani asiyejua kilichomo.

Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2020, uliotokana na kesi ya mauaji, ulisaidia sana. Majaji walikubali kwamba mwathiriwa, au wakili wake, anaweza kushiriki katika kesi, si kukaa tu kama mtazamaji. Waliweka mipaka pia: hawezi kuwa kiongozi wa mashtaka wa pili, na jaji au hakimu ndiye anayeamua ashiriki kwa kiwango gani ili mshtakiwa asionewe. Familia iliyofiwa ikiweza kupata wakili, hata wa kujitolea, basi afike mapema kabla ushahidi haujaanza.

Kielelezo kikishatolewa mahakamani kinaingia kwenye rekodi ya korti. Hapo humwombi polisi tena. Unaandika barua kwa masjala ya mahakama, unalipia, unapata nakala ya mwenendo wa kesi. Huwa vigumu zaidi katika kesi za watoto na za kingono, ambamo ni aliyehusika tu anayeruhusiwa, na ndivyo inavyofaa.

Mpelelezi ananiambia faili imefungwa, ushahidi hautoshi.

Muulize: nani ameifunga, yeye au DPP? Kuna barua? Hapo ndipo Kifungu cha 47 kinapofanya kazi. Omba sababu kwa maandishi. Kisha mwandikie DPP. Kifungu cha 157(4) kinampa mamlaka ya kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze, na Inspekta Jenerali lazima atii. Barua yenye nguvu ni ile inayosema, "Mashahidi hawa wawili hawajaandikisha taarifa, na kamera ya duka lililo mkabala haikuangaliwa." Mwenye kulalamika kwa jumla huhurumiwa, kisha anasahauliwa.

Ikiwa kesi iko mahakamani tayari na upande wa mashtaka unataka kuiondoa, hauwezi bila ruhusa ya mahakama. Fika siku hiyo, na uombe kusikilizwa.

Wanasema faili imepotea.

Pole. Hili huuma kuliko yote, na nimelia nalo pamoja na mama mmoja aliyeifuatilia faili ya bintiye kituo hadi kituo, ngazi hadi ngazi.

Lakini faili haikai mahali pamoja tu. Kitabu cha OB kipo. Hospitali ina rejista ya matibabu, na nakala ya PRC. Maabara ya Serikali huhifadhi ripoti zake. Kama faili iliwahi kupelekwa kwa DPP, huko kuna kumbukumbu. Kama mshukiwa aliwahi kufikishwa kortini hata mara moja, korti ina rekodi. Kusanya kimoja kimoja, uandike barua ukidai faili ijengwe upya, na mashahidi waitwe tena. Papo hapo peleka lalamiko kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, ukitaja tarehe ya mwisho faili ilipoonekana na mikononi mwa nani.

Aliyeniumiza ni polisi mwenyewe. Nitamwombaje rekodi?

Usimwombe yeye. Nenda IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo huchunguza vifo na majeraha mabaya yanayosababishwa na polisi. Huwa na faili yake yenyewe, tofauti na ya kituo, kwa hiyo uulize maendeleo huko. P3 bado utaihitaji. Chukua kutoka kituo kingine. Ukihofia usalama wako, kuna Shirika la Kulinda Mashahidi.

Angalia kalenda pia. Kesi ya madai dhidi ya Serikali kwa madhara ya aina hii ina muda wa miezi 12, ilhali dhidi ya mtu binafsi ni miaka mitatu. Familia nyingi hungoja uchunguzi wa jinai umalizike kwanza, na mwaka unapita.

Ndugu yetu ameuawa. Tunataka ripoti ya uchunguzi wa maiti.

Kabla upasuaji haujafanywa, waambieni polisi na daktari wa mochari kwamba mnataka daktari wenu awepo. Mwenye uwezo alipe. Asiye nao ayaulize mashirika ya haki kama MUHURI hapa Mombasa, FIDA, au Kituo cha Sheria. Ripoti rasmi huenda kwa polisi, na nakala yake muiombe kwa maandishi.

Kama haijulikani nani aliyeua, au mtu amefia mikononi mwa polisi, Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai kuanzia sehemu ya 385 inaweka uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu. Mlango huu hupuuzwa, nao ni mpana, maana kilichokuwa kimefungiwa kabatini kinasomwa mahakamani, na familia inasikia. Mtoto wa miezi sita alipofariki Kisumu baada ya operesheni ya polisi Agosti 2017, ni uchunguzi wa namna hiyo uliomwezesha hakimu, Februari 2019, kutaja makamanda wa polisi wa kuwajibika. Mwaka 2022 DPP akatangaza mashtaka dhidi ya maafisa.

Ni ajali tu ya barabarani, nataka kulipwa na bima.

Omba abstrakti ya polisi kwenye kituo kilichoshughulikia ajali. Ongeza mchoro wa mahali pa ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari, hasa bima ikianza kubisha.

Mimi si raia wa Kenya. Ni mkimbizi.

Kifungu cha 35 kinasema "raia", lakini Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa inasema mtu yeyote aliyeumia kwa sababu ya uhalifu. Iegemeze barua yako hapo, na kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data.

Na walio Tanzania?

Utaratibu unafanana kwa umbo, majina ni tofauti. Ukiripoti unapewa RB, na fomu ya majeruhi ni PF3. Tanzania Bara ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, yenye siku 30 za kujibu, nayo pia inazuia taarifa zitakazovuruga uchunguzi.

Afisa anataka "kitu kidogo" ili anipe nambari ya OB au P3.

Vyote viwili ni bure, na kutoa ni kosa kama kupokea. Mwambie kwa heshima kwamba unaomba risiti. Mara nyingi hapo ndipo panapoishia.

Nikipata nakala, naweza kuziweka kwenye kikundi cha WhatsApp?

Hapana, tafadhali. Picha ya P3 ya binti yako ikishatoka hairudi. Mpe wakili, weka nyingine kwa mtu unayemwamini, basi.

Mwanangu aliuawa miaka minane iliyopita. Nimechelewa?

Hujachelewa, mama. Mauaji hayana ukomo wa muda katika sheria ya Kenya. Tafuta tarehe uliyoripoti, hata kama ni kwa kukumbuka ilikuwa wiki gani ya Ramadhani au shule zilikuwa zimefungwa. Nenda kituo kilekile na mtu mmoja wa kukushuhudia, ukiwa na barua nakala mbili. Omba dondoo la OB la siku hiyo, na jina la afisa aliyekabidhiwa faili mara ya mwisho. Hizo mbili tu kwanza.